Kijani, Nyekundu na Miguu ya Twaha

"Huyu kijana wako kapoteza nini?"

Bi Zuhura aliniuliza hivyo siku ya kumi na nane ya eda yangu. Alikuwa upande wake wa uzio, chini ya dirisha langu, kashika bakuli la mlenda aliokuwa ananiletea. Sikumwelewa mara moja. Nikachungulia dirishani, nikamwona mwanangu Twaha anatoka kwenye tangi la kuvunia umande mpaka mlango wa choo, anageuka, anarudi. Macho kayainamisha chini. Kweli, ungemwona ungesema kaangusha pete.

"Hajapoteza kitu," nikasema. "Ananyoosha miguu."

"Ananyoosha tangu asubuhi? Mie nimefua, nimeanika, nimeanua, yeye bado ananyoosha. Miguu ile ingekuwa uzi, Mwasu, tungeshafuma shuka la mtaa mzima."

Nikacheka, maana Bi Zuhura ni mtu wa kuchekesha hata msibani. Nikapokea bakuli. Lakini alipoondoka nilibaki dirishani, nikamhesabia mwanangu. Kutoka tangini mpaka chooni ni hatua kumi na nane. Alikwenda na kurudi mara arobaini na mbili kabla mlenda haujapoa.

Kibao cha ushahidi kilikuwa ukutani karibu na mlango, pale marehemu mume wangu, Mzee Ijengo, alipokuwa akitundika kofia yake. Kina taa mbili. Kila siku baada ya sala ya alfajiri shahidi wa nyumba anaweka kidole gumba: kijani, mgonjwa ametulia, nyekundu, hajatulia. Hakuna taa ya tatu.

Mgonjwa wetu ni Twaha, na Mtunza, mashine inayomtibu akili, yuko chini ya ngozi ya mkono wake, ukubwa wake kama punje ya kunde. Anamdondoshea dawa tone kwa tone, anasikiliza moyo, anahesabu hatua, na yote anayapeleka Ofisi ya Utulivu kule mjini Kondoa. Mimi si mtu wa kumsema vibaya. Kabla ya Mtunza tulimfunga Twaha kwa kamba siku mbili, na mikono iliyofunga fundo ni hii ninayoandikia.

Shahidi wetu alikuwa Mzee Ijengo. Alipofariki, Ofisi ilimtuma afisa wake, kijana aitwaye Isuja. Akakaa barazani, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia, maana mwanamke aliye eda haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Akaniuliza kama nitaweza.

"Mama, shahidi anatakiwa awe nyumbani muda wote."

"Niko eda, mwanangu. Miezi minne na siku kumi. Nitakuwa wapi tena?"

Nikashika msahafu, nikaapa kwamba sitasema ila nilichokiona. Hapo hapo akanikumbusha masharti mengine. Mgonjwa havuki uzio isipokuwa akiwa na shahidi wake hatua kumi karibu naye. Akivuka peke yake, Mtunza anamlaza usingizi pale pale alipo. Nikasema sawa. Sikufikiri kwamba siku zote mia na thelathini ambazo mimi sitatoka, na yeye hatatoka. Baba yake alikuwa akienda naye shambani kila asubuhi, wanarudi na udongo mwekundu mpaka magotini. Sasa dunia yake yote ikawa tangi na choo.

Siku ya ishirini na moja nilibonyeza nyekundu. Sikuiona kama mashtaka. Niliiona kama mtu anayegonga mlango wa zahanati. Nikabonyeza tena kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne kibao kikaongea, sauti ya mwanamke mpole: "Ahsante, shahidi. Kipimo kimeongezwa."

Nikasema alhamdulillahi, wamesikia.

Wiki iliyofuata Isuja alipita barazani kutoa pongezi. "Mama Twaha, hujakosa siku hata moja. Wewe ndiye shahidi bora wilaya nzima. Watunza hawa wanafundishana, unajua? Nyumba zote mia mbili na kumi zinajifunza kutokana na kidole chako."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilikaa nyuma ya lile pazia nikafurahi.

* * *

Twaha ndiye anayeongoza sala nyumbani tangu baba yake aondoke. Mimi nasali nyuma yake, kwa hiyo ninachokiona ni visigino. Mtu akisimama mbele ya Mola wake visigino vinatulia. Vya Twaha vilikuwa vinapokezana, kimoja juu kimoja chini, kama kasimama juu ya bati la mchana. Tukikaa tahiyatu, magoti yanacheza, vidole vya miguu vinakunjuka na kukunjika. Akitoa salamu anainuka kabla sauti haijaisha.

Lakini kisomo chake hakikuruka hata herufi moja.

Hilo ndilo lililoanza kunikosesha raha. Alipougua mara ya kwanza, miaka mitatu nyuma, Twaha hakutembea. Alikaa kando ya ghala la mahindi siku mbili, shingo kaikunja upande, anasikiliza watu ambao sisi hatukuwasikia. Nzi walimtua mdomoni, hakuwafukuza. Ukimwambia asali anachanganya sura hii na ile. Ule ndio ugonjwa wa mwanangu, naujua kama ninavyojua mlio wa mlango wangu. Huu wa sasa ulikuwa mgeni. Mgonjwa wangu aliyekuwa anatulia kama mtungi, leo hawezi kukaa, na akili yake iko sawasawa. Ananiuliza, "Mama, umekula?" Ananikumbusha kunywa dawa ya presha.

Nikaanza kumpima kwa kitu nilichokuwa nacho. Baada ya sala tulizoea kukaa na kuleta uradi, kila mmoja na tasbihi yake. Nikawa navuta punje huku namtazama, nione ataweza kukaa mpaka punje ya ngapi bila kuinuka. Siku ya ishirini na tisa alifika sitini na moja. Siku ya thelathini na tatu, arobaini. Siku ya thelathini na saba, kumi na tisa. Niliandika kwa penseli kwenye kalenda ya msikiti, pembeni ya saa za sala. Siku ambazo kibao kilisema kipimo kimeongezwa niliweka alama ya msalaba mdogo, kisha nikaona si vizuri msalaba kwenye kalenda ya msikiti, nikaufanya duara.

Maduara yalipoongezeka, punje zilipungua. Hata mtu wa darasa la pili angeliona.

Nikarudi nyuma kwenye kalenda mpaka siku ya mazishi. Twaha alimlilia baba yake siku tatu, moyo ukimwenda mbio kama wa mtoto yeyote aliyefiwa. Siku ya nne Mtunza aliongeza kipimo mwenyewe, bila kidole cha mtu, kibao kikatangaza. Alisikia moyo tu, na Mtunza hajui matanga ni nini. Siku ya kumi na mbili miguu ikaanza.

Nililiona lile na nikaogopa. Nina darasa la saba. Nimwambie nani kwamba Ofisi nzima imekosea na mimi, kwa tasbihi, nimepatia?

Siku ya thelathini na nane kibao kikasema jipya: "Shahidi, zimebaki siku tatu. Nyekundu ya ishirini na moja mfululizo, mgonjwa atahamishiwa Nyumba ya Kimya."

Nyumba ya Kimya kila mtu anaijua. Haina ubaya wowote kwa nje. Wana bustani. Wagonjwa wanalala kwa kipimo cha mwisho, ndugu wanakwenda kuwatazama Ijumaa ya kwanza ya mwezi kupitia kioo. Sijawahi kusikia wa kurudi.

Jioni ile Twaha alisimama mlangoni, hawezi kuingia hawezi kutoka, anahama mguu huu kwenda huu.

"Mama, kuna saa natamani ningeuvua huu mwili niutundike hapo kwenye msumari wa kofia ya baba, nipumzike kidogo."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Nikamwita Bi Zuhura pale uzioni.

"Yule nesi wa Kikristo aliyestaafu, Sista Perpetua, bado yu hai?"

"Yu hai na mdomo wake wote."

"Niitie. Mwambie mwenzio hawezi kutoka."

* * *

Sista Perpetua alikuja asubuhi, mwanamke wa miaka themanini, fimbo mkono mmoja, rozari mkono mwingine. Alifanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili mpaka Mtunza alipokuja na wodi zikafungwa. Alitazama tasbihi yangu.

"Sote tunahesabu shanga, Mama Twaha, ila nyie mmezidisha."

"Tuna dhambi nyingi, Sista. Karibu."

Hakumgusa Twaha. Alimwambia akae kwenye kigoda, akaanza kumpigisha soga za mpira na mvua, kana kwamba kaja kutembea tu. Lakini mimi ni mtazamaji, nilimwona macho yake yalipo. Yalikuwa miguuni. Twaha alikunja mguu, akaukunjua, akasugua paja, akaminya magoti kwa viganja. Kisha akamwambia asimame, soga zikaendelea. Twaha akawa anapiga mguu pale pale kama askari asiyeamriwa kwenda.

Halafu akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, wala kibao, wala Isuja, wala mimi.

"Mwanangu, linalokusumbua liko kichwani au liko mwilini?"

Twaha akainua uso. "Mwilini, Sista. Kama siafu ndani ya mifupa."

"Unasikia watu wakisema nawe?"

"Zamani nilisikia. Sasa nasikia magoti yangu tu."

"Ukitembea unapata nafuu?"

"Kidogo. Nikisimama wanarudi."

"Kwa hiyo unapenda kutembea."

"Sipendi." Akaugeuza unyayo tuuone. "Nimechoka. Nyayo zimechubuka. Nalazimika tu."

Sista akakaa vizuri. Nikamletea kalenda, kwa aibu, nikamweleza punje na maduara. Aliivuta karibu na macho akasoma mstari kwa mstari, na fimbo yake ikaanguka asiiokote.

"Nani kakufundisha hii?"

"Hakuna. Nilikuwa nahesabu tu."

"Punje tisini na tisa ukizivuta taratibu ni kama dakika mbili. Sisi tulikuwa tunamkalisha mgonjwa dakika mbili, tunamsimamisha dakika mbili, tunatazama miguu, halafu tunamuuliza ndani anajisikiaje. Vitabuni iliitwa akathizia. Wodini tuliita miguu ya dawa." Akaigonga kalenda kwa ukucha. "Huyu hajarudiwa na ugonjwa. Hii ni dawa inayomkimbiza. Na kosa lenyewe ni la zamani, madaktari walilifanya hata kabla ya mashine. Mtu anahangaika kwa sababu ya dawa, wanasema ugonjwa umepanda, wanamwongezea dawa."

Nikaitazama ile kalenda upya, duara kwa duara.

"Kwa hiyo kila nyekundu niliyobonyeza..."

"Usijihukumu."

"Nijibu, Sista."

"Ndiyo," akasema. "Kila nyekundu ilimwongezea siafu."

Twaha alikuwa keshatoka. Tulimsikia anakwenda, anageuka, anarudi.

"Tiba yake ipo?"

"Ipo, na si ngumu. Kipimo kishuke polepole. Na kuna kidonge cha kutuliza mapigo ya moyo kinachowasaidia wengi wao. Lakini Mtunza hasikii nesi mstaafu. Anasikia kidole chako." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Bonyeza kijani. Siku saba tu, kitaanza kushuka chenyewe. Ila sikufichi, kikishuka haraka mno, wale watu aliokuwa akiwasikia zamani wanaweza kurudi. Itabidi umtazame kweli kweli."

"Nimeshika msahafu, Sista. Niliapa kusema nilichokiona. Na nilichokiona ni kwamba hajatulia."

"Najua."

"Kwetu kiapo kikivunjwa kina kafara. Unalisha maskini kumi, au unawavika. Usipoweza, unafunga siku tatu. Siogopi kufunga. Ninachoogopa ni kupanga dhambi leo huku nimeshaiandalia kafara. Hiyo ni kumfanyia Mungu ujanja. Na ushahidi wa uongo ni mzito kuliko kiapo."

Sista alivuta punje mbili tatu za rozari yake. "Marehemu mumeo alikuwa anabonyezaje?"

Mzee Ijengo alibonyeza kijani hata siku ambazo mimi niliona bado. Kwanza anakunywa uji na Twaha, anamtazama, wanazungumza mambo ya shamba, halafu ndio anakwenda ukutani. Mimi moyoni nilikuwa nasema mume wangu ni mwepesi wa ushahidi. Nilijiona mkweli kumpita.

* * *

Siku ya arobaini, baada ya sala ya alfajiri, Twaha hakuinuka.

"Mama, vuta tasbihi."

"Mwanangu, usijitese."

"Vuta. Nikikaa mpaka mwisho bila kujigusa, utakuwa umeniona nimetulia. Hutakuwa umesema uongo."

Alikuwa amesikia yote. Kuta za nyumba yetu ni nyembamba na yeye alikuwa hatua kumi na nane tu.

Nikaanza kuvuta. Alikunja miguu, akashika vifundo vyake kwa mikono miwili, akafumba macho. Punje ya ishirini jasho lilimtoka juu ya midomo. Ya arobaini mishipa ya shingo ikasimama. Alikuwa anapumua kwa meno. Ya sitini machozi yakaanza kushuka bila kilio chochote, yanashuka tu, na mwili haukutikisika. Nilitaka kuacha. Nikavuta haraka, akasema bila kufumbua macho, "Usinihurumie, Mama, vuta sawasawa." Nikavuta sawasawa. Tisini na moja. Tisini na sita. Ya tisini na tisa ilipopita kidoleni aliruka kama mtu aliyeungua, akatoka nje mbio, nikamsikia anazunguka tangi.

Nikaenda ukutani. Taa mbili zilikuwa zinanisubiri. Kidole kilikuwa tayari.

Nilichokiona ni mtu anayeteswa. Sikumwona mtu aliyetulia, wala aliyepandwa na ugonjwa. Katika zile taa mbili hakuna hata moja iliyokuwa ya nilichokiona. Nikarudisha mkono chini ya ushungi wangu.

Ilikuwa mara ya kwanza kuacha kibao bila jibu. Kutwa nzima kilinikumbusha kila baada ya saa, kwa ile sauti yake ya upole. Nilimpa Twaha ndoo nikamwambia amwagilie bamia, si kwamba zilikuwa na kiu. Nikaficha kamba ya kuanikia nguo na kisu cha jikoni. Sikumwambia kwa nini, naye hakuuliza vilikokwenda.

* * *

Isuja alikuja siku ya arobaini na moja, saa mbili asubuhi, na lile gari lao jeupe lisilo na dereva. Nilimwita Bi Zuhura aje akae nami ndani. Akajikunyata pembeni ya pazia.

"Mama Twaha, shikamoo. Jana hukujibu."

"Marahaba, mwanangu. Sikuwa na jibu."

"Kutojibu ni nyekundu. Jana imehesabiwa ya ishirini. Leo mpaka saa sita mchana, usipojibu, ni ya ishirini na moja." Nilisikia kiti kinalia. "Namwona kutoka hapa. Hatua zake za jana ni elfu thelathini na nne. Hiyo si hali ya mtu aliyetulia, Mama."

"Ni dawa inayomkimbiza. Sista Perpetua kamkalisha, kamsimamisha, kamuuliza. Nami nina kalenda." Nikaipitisha kando ya pazia.

Nilisikia karatasi inafunuliwa mwezi mmoja nyuma, kisha mwezi huu tena.

"Hizi namba ni nini?"

Nikamweleza. Aliuliza maswali mawili ya maana, nami nikayajibu. Nikajua kaelewa, maana sauti yake iliporudi ilikuwa ya chini, si ya Ofisi.

"Mama, sikiliza. Mfumo hauna mahali pa kuingiza punje za tasbihi. Wala hauna swali la kumuuliza mgonjwa. Bonyeza kijani sasa hivi. Mimi natazama barabarani. Kipimo kitaanza kushuka, mwanao atabaki hapa."

Bi Zuhura alinishika goti, akaniashiria kwa kichwa: bonyeza.

Niliinuka. Nilikwenda mpaka ukutani, na nasema ukweli, kidole kilikuwa upana wa uzi kutoka ile taa. Nilimwona Twaha dirishani. Nilikuwa radhi kufunga siku tatu, miezi mitatu. Kilichonizuia ni zile pongezi za Isuja.

"Mwanangu Isuja, ulisema Watunza wanafundishana. Nikibonyeza kijani leo, wa kwetu atawafundisha nini wenzake?"

Nilisikia kiti kinalia tena.

"Nakuuliza wewe uliyesoma."

"Atajifunza kwamba mgonjwa alihangaika siku ishirini," akasema polepole, "kipimo kikaongezwa mara tano, siku ya ishirini na moja akatulia."

"Yaani kuongeza kulifaa."

"Ndiyo itakavyosomeka."

"Na zile nyumba nyingine, mama mwingine mwanawe akianza kutembea?"

"Watamwongezea, Mama. Mpaka mara tano. Kwa sababu kwako ilifaa."

Nilirudisha kidole. Mia mbili na kumi. Tayari nilikuwa nimewafunza nyekundu yangu, sijui ni wangapi walikuwa wanazunguka matangi yao asubuhi ile kwa sababu yangu. Sasa nilitakiwa niwafunge kabisa kwa kijani, ili wangu afunguliwe. Nikapata hasira ambayo sijawahi kuipata tangu niolewe.

"Hakuna njia nyingine katika hiyo sheria yenu? Isome yote."

Alipekua kioo chake cha mkononi. "Ipo ya ushahidi wa mdomo. Shahidi anasimama mbele ya Baraza la Ofisi, anaeleza kwa maneno, yanaandikwa kama alivyosema na Watunza wote wa wilaya wanasimamishwa kuongeza mpaka yachunguzwe. Baraza linakaa leo, Alhamisi. Lakini haijawahi kutumika. Lazima shahidi afike mwenyewe kabla ya saa sita, na gari hili haliruhusiwi kumbeba. Na wewe uko eda, Mama. Ndiyo maana sikukutajia."

"Watanisikiliza?"

"Sijui. Mwenyekiti ni mtu wa namba. Wanaweza kukucheka. Wanaweza kumpeleka Nyumba ya Kimya kutokea pale pale."

Kwetu mpaka Ofisini ni mwendo wa saa moja na nusu. Saa ya ukutani ilikuwa tatu kasoro kidogo.

Nilikaa kitandani. Najua nilichofundishwa madrasa: mjane aliye eda anaweza kutoka mchana kwa dharura, na kabla ya usiku arudi alale nyumbani kwake. Dini haikunifunga miguu. Kilichonifunga ni midomo ya mtaa, na jinsi nilivyopenda kuonekana mjane asiye na doa. Kwa siku arobaini na moja nilikaa ndani watu wanisifu, na mwanangu alifungwa pamoja nami, miguu inayowaka ndani ya hatua kumi na nane.

Na kama Baraza litanicheka, nitakuwa nimempeleka kwa mkono wangu mwenyewe mpaka mlango wa Nyumba ya Kimya. Hilo nalo nililiona wazi. Kijani ilikuwa pale ukutani, karibu, haina shida yoyote.

Nikavaa baibui juu ya nguo zangu za eda. Nikaweka tasbihi mfukoni, na kidonge changu cha presha. Bi Zuhura alinitazama mdomo wazi.

"Mwasu, unakwenda wapi na eda hii?"

Nikafungua pazia.

Isuja alisimama kwa kushtuka, akainamisha macho. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, vipele vya wembe shingoni, kalenda yangu kaishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Nikanyoosha mkono, akanipa.

"Mama, ukifika kule huwezi kurudi nyuma tena. Yatakayoandikwa yameandikwa. Fikiri kidogo."

Twaha alikuwa kasimama kwenye tangi, miguu ikipiga pale pale, ananitazama nilivyo juani kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba yake. Nikamwonyesha barabara kwa kidevu. Akaelewa, akatangulia.

Kwenye uzio Mtunza alilia mlio mmoja, akanitambua, akanyamaza. Nikavifuata visigino vya mwanangu, hatua tatu nyuma yake kama nivifuatavyo katika sala, nikapita mbele ya mlango wa Bi Zuhura na wa jirani zake wote waliokuwa wametoka kutazama, maneno yangu nikiyatunza kwa ajili ya Baraza.